Almasi ya umbo la tone: yale ambayo cheti hakimwambii mnunuzi

Mnunuzi wa almasi ya duara anaweza kuegemea karatasi. Cheti cha maabara humweleza uzito wa jiwe, rangi yake, usafi wake na, lililo kubwa kuliko yote, ubora wa mkato wake kwa neno moja linaloeleweka. Anayechagua almasi yenye umbo la tone kwa ajili ya pete ya uchumba hana bahati hiyo. Kwenye cheti cha maabara inayotegemewa zaidi duniani, daraja la mkato wa jiwe la namna hiyo halitolewi, ilhali mkato ndio unaoamua iwapo jiwe litawaka mkononi au litabaki limepooza kama kipande cha kioo cha dirisha.

Maabara hiyo ni ya Taasisi ya Vito ya Marekani, inayojulikana kwa ufupisho wa GIA. Mwaka 2006 ilianza kutoa daraja la mkato, kuanzia "bora kabisa" hadi "duni", lakini kwa almasi nyeupe za duara peke yake. Duara lina kanuni zilizochunguzwa kwa miaka mingi: pembe zikiwa hivi, mwanga utarudi hivi. Tone halina kanuni moja. Fundi anaweza kulirefusha au kulifupisha, kulipanua mabega au kulibana, na kila badiliko hugeuza njia ya mwanga ndani ya jiwe. Kwa hiyo cheti cha almasi ya tone huishia kutaja vipimo vyake kwa milimita, ubora wa mng'arisho na ulinganifu wa nyuso zake. Mawe mawili yanaweza kuwa na vyeti vinavyofanana karibu neno kwa neno, moja likapendeza na jingine likasikitisha.

Katika biashara umbo hili limepewa jina la tunda la peasi: upande mmoja ni mviringo, upande wa pili umechongoka hadi kuwa ncha. Asiyelijua tunda hilo la nyanda za baridi atalielewa upesi zaidi akiambiwa ni tone la maji linalokaribia kudondoka. Kwa kawaida jiwe huwa na nyuso takribani 58, sawa na almasi ya duara, ila zimepangwa kwa namna ya kuvutwa kuelekea ncha.

Umbo hili ni la kale, na baadhi ya almasi mashuhuri kabisa zimekatwa hivyo. Kipande kikubwa zaidi cha almasi ya Cullinan, iliyochimbwa Afrika Kusini mwaka 1905 na kukatwa Amsterdam mwaka 1908, ni tone la karati 530 lililowekwa kwenye fimbo ya kifalme ya Uingereza. Mwaka 1969 mwigizaji Richard Burton alimnunulia mkewe, Elizabeth Taylor, tone la karati 69.42 kutoka Afrika Kusini. Taylor alilivaa kama pete, akaliona zito mno, akaagiza litengenezewe kidani. Walipokwisha kuachana aliliuza, na alitangaza kuwa sehemu ya fedha hizo ingejenga hospitali nchini Botswana.

Kwa wasikilizaji wa kanda ya Maziwa Makuu, tone lililo karibu zaidi na nyumbani ni lile liitwalo Millennium Star. Lilipatikana mwaka 1990 katika eneo la Mbuji-Mayi, Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, likiwa na karati 777. Ukataji wake ulichukua miaka kadhaa, na kilichobaki ni tone la karati 203.04 lisilo na doa hata moja. Mnamo Novemba 2000 genge la wezi lilivunja ukuta wa ukumbi wa maonyesho wa Millennium Dome mjini London kwa tingatinga ili kuliiba. Polisi walikuwa wamekwisha kupata habari zao, na mawe yaliyokuwa kwenye kabati la kioo yalikuwa yamebadilishwa kwa nakala. Wezi waliokuwa tayari kufungwa kwa ajili ya jiwe hilo hawakuwa na njia ya kutambua kwa macho kuwa halikuwa lenyewe.

Kivuli cha katikati

Kasoro ya kwanza ya kutafuta kwenye almasi ya tone ni kivuli cheusi kinachokatiza upana wa jiwe, chenye umbo la tai ya kipepeo inayovaliwa shingoni kwenye sherehe. Chanzo chake ni cha kimaumbile. Mwanga huingia kwa juu, hugonga nyuso za chini ya jiwe, hurudishwa hadi kwenye jicho la mtazamaji. Katika duara, nyuso hizo ziko umbali sawa kutoka katikati, hivyo mwanga hurudi kwa usawa. Jiwe likiwa refu, nyuso za ubavuni hulazimika kuwa na pembe tofauti na zile za kichwani na za nchani. Zile za katikati, badala ya kurudisha mwanga wa chumba, huakisi kichwa cha mtu anayelitazama, na kichwa hicho ni giza.

Karibu kila tone lina kivuli hiki kwa kiasi fulani, na muuzaji anayedai kuwa lake halina hata chembe anastahili kuulizwa maswali zaidi. La kupima ni ukubwa wake. Kivuli chepesi kinachokuja na kutoweka mkono unapotikisika huongeza uhai wa jiwe, kwa kuwa almasi bila weusi kidogo huonekana bapa. Kivuli kinachobaki palepale jiwe likigeuzwa huku na huku, na kinachoonekana hata mtazamaji akiwa umbali wa mkono ulionyooshwa, ni alama ya mkato mbaya. Hakuna maabara itakayokiandika kwenye karatasi.

Hapo ndipo taa za dukani zinapofanya kazi yao. Balbu ndogo nyingi zinazoning'inia juu ya meza ya sonara hutupa miale kutoka kila upande na kukifuta kivuli kwa muda. Mnunuzi mwenye busara huomba kulipeleka jiwe dirishani, kisha penye kivuli, kisha chini ya taa ya kawaida ya ofisini. Pete itavaliwa sokoni, kazini na jikoni, na huko ndiko itakakotazamwa. Sonara mwaminifu hatakataa ombi hilo.

Urefu, mabega na mbavu

Baada ya kivuli huja umbo lenyewe. Vipimo vilivyoandikwa kwenye cheti hutosha kupata uwiano: urefu ugawanywe kwa upana. Jiwe la milimita 9 kwa 6 lina uwiano wa 1.5. Wengi hupendezwa na mawe yaliyo kati ya 1.5 na 1.7. Chini ya 1.4 jiwe huanza kuonekana nene na fupi, na kupita 1.8 huwa jembamba kama kijiti, tena kivuli cha katikati huelekea kuwa kikubwa. Hapa hakuna sheria, ni suala la macho na mkono wa mvaaji. Tone refu hukirefusha kidole kifupi. Kwenye kidole kirefu na chembamba, jiwe fupi kidogo hukaa vizuri zaidi.

Ulinganifu ni jambo jingine, na hapo ladha haina nafasi. Mtu achore kwa mawazo mstari kutoka nchani hadi katikati ya kichwa cha mviringo. Nusu mbili zifanane kabisa. Ncha iangukie juu ya mstari huo, mabega yawe na kimo kimoja, na mbavu zishuke kwa mpindo laini bila kubonyea wala kunyooka ghafla. Kosa linaloonekana mara nyingi ni bega moja kuwa juu ya jingine, au mbavu kutuna kiasi kwamba jiwe linafanana na pembetatu.

Makosa hayo mara nyingi hayatokani na uzembe. Almasi huuzwa kwa uzito, na fundi anayekata jiwe ghafi huona kila chembe anayoiondoa kuwa ni pesa inayogeuka vumbi. Akiliacha bega limetuna kidogo, au akilifanya jiwe kuwa na kina kirefu kuliko linavyohitaji, mizani itamlipa. Mnunuzi ndiye anayebeba hasara: amelipia uzito uliofichwa chini ya pete, mahali ambapo hakuna atakayeuona, na mwanga unavujia chini badala ya kurudi juu.

Neno karati lenyewe huwachanganya wengi, maana Kiswahili hulitumia kwa vitu viwili. Karati ya dhahabu ni kipimo cha usafi: dhahabu ya karati 18 ni asilimia 75 dhahabu halisi. Karati ya almasi ni uzito, nayo ni gramu 0.2, hivyo almasi tano za karati moja zina uzito wa gramu moja tu. Almasi ya duara ya karati moja ina kipenyo cha milimita 6 na nusu hivi. Tone la uzito huohuo, lililokatwa vyema, hufikia takribani milimita 8 na nusu kwa 5 na nusu, na kwa sababu hiyo huonekana kubwa zaidi kidoleni. Aghalabu pia bei yake kwa karati huwa chini ya ile ya duara, kwa kuwa ukataji wa tone hupoteza sehemu ndogo ya jiwe ghafi na wanaolitafuta ni wachache.

Bei nazo hupanda kwa kuruka. Jiwe la karati 1.00 huuzwa ghali kuliko la 0.95 kwa kiasi kisicholingana na tofauti ya ukubwa wao, ambayo jicho la kawaida haliwezi kuiona. Anayebana matumizi atafute mawe yaliyo chini kidogo tu ya namba kamili.

Kuhusu rangi, vyeti hutumia herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z yenye umanjano ulio wazi. Tone huikusanya rangi nchani, hivyo umanjano usioonekana kwenye duara unaweza kujitokeza hapo. Kwa pete ya platinamu au dhahabu nyeupe, G au H ni chaguo la salama. Kwa dhahabu ya njano hata I au J huweza kupita bila kutambulika. Madoa ya ndani hayahitaji kumsumbua mnunuzi iwapo hayaonekani kwa macho matupu, isipokuwa doa lililo nchani.

Ncha inayovunjika

Almasi ni kitu kigumu kuliko madini yote, daraja la 10 kwenye kipimo cha Mohs, na wengi huchukulia kwamba kigumu hakivunjiki. Ugumu huo ni wa kutokwaruzwa. Almasi ikigongwa kwa pembe fulani hupasuka kwa mstari ulionyooka, na kwa karne nyingi mafundi wametumia tabia hiyohiyo kuyagawa mawe makubwa kwa pigo moja la nyundo. Ncha ya tone ni sehemu nyembamba kuliko zote, na ndiyo hutangulia kugonga mlango wa gari, sufuria au ukingo wa meza. Doa la ndani likiwa hapo, ufa una mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo namna jiwe linavyoshikwa ni sehemu ya uchaguzi wake. Vikucha vya dhahabu vya kawaida, vilivyo duara, hukaa vyema mabegani na mbavuni, lakini nchani panahitajika kikucha cha umbo la V kinachoikumbatia pande zote mbili. Pete ya tone isiyo na kikinga hicho inaweza kupendeza kwenye picha, ila ni hatari kuivaa kila siku. Inafaa pia kusoma kwenye cheti unene wa ukingo wa jiwe. Ukingo ulioelezwa kuwa mwembamba mno ni onyo, na ncha ndiyo ya kwanza kudhurika.

Lilitoka wapi, na ni la namna gani

Majirani wawili wa kanda hii, Tanzania na Kongo, huchimba almasi, na kutokana na hilo huzuka kishawishi ambacho hakipo Ulaya: mtu kumfuata kijana anayejiandaa kuposa na kumnong'oneza kwamba ana jiwe ghafi kutoka Kongo au Shinyanga kwa bei ya kutupwa. Sababu za kukataa ni nyingi kuliko uaminifu wa mnong'onaji. Sehemu kubwa ya almasi ya Kongo ni ya daraja la viwandani, inayofaa kusaga na kukatia vyuma. Jiwe zuri nalo hupungua vibaya likikatwa. Almasi ya waridi ya Mwadui, iliyopatikana mwaka 1947 na kupewa Malkia Elizabeth wa Pili alipokuwa bado binti mfalme, ilikuwa na karati 54.5, ilipokwisha kukatwa zilibaki 23.6. Kisha ipo sheria. Tangu mwaka 2003, chini ya Mpango wa Kimberley, almasi ghafi haivuki mpaka kati ya nchi wanachama bila cheti cha serikali, na anayeibeba mfukoni anaweza kupoteza jiwe na uhuru wake pamoja.

Cheti cha Kimberley kina mipaka yake. Kinahusu shehena za almasi ghafi, wala hakifuatani na jiwe lililokwisha kukatwa hadi dukani. Nacho hutafsiri almasi ya migogoro kuwa ni ile inayogharimia vikundi vya waasi, bila kugusa ajira ya watoto wala ujira duni wa wachimbaji wadogo. Mawe mengi yakishatoka Afrika hukatwa katika mji wa Surat, India, yakichanganywa na ya kwingine, na hivyo duka linalosema "almasi zetu zote zina Kimberley" limesema jambo dogo kuliko linavyosikika. Swali lenye manufaa zaidi ni kama muuzaji anaweza kutaja kwa maandishi nchi na mgodi lilikotoka jiwe.

Siku hizi pia kuna almasi zisizotoka ardhini. Hutengenezwa maabara, ama kwa joto na mgandamizo mkubwa, ama kwa kuirundika kaboni tabaka kwa tabaka kutoka kwenye gesi. Ni almasi kamili, kaboni ileile na ugumu uleule, na sonara hawezi kuitofautisha kwa lenzi ya mkononi. Bei yake imeshuka sana na inaendelea kuwa chini kabisa ya ile ya almasi ya mgodini. Mwaka 2025 GIA ilitangaza kuwa haitazipa tena daraja zilezile za rangi na usafi zinazopewa almasi za asili. Mwenye kipato cha kawaida hana sababu ya kuiona haya almasi ya maabara, mradi ajue kuwa akitaka kuiuza kesho hatapata kitu cha maana. Aibu ni ya anayeiuza kwa bei ya jiwe la mgodini.

Hizo zisichanganywe na zirkonia wala moisanaiti, ambazo si almasi hata kidogo. Kile kijikalamu cha umeme ambacho wauzaji huligusisha jiwe ili kuthibitisha kwa mlio hupima jinsi joto linavyosafiri. Huikamata zirkonia mara moja, lakini moisanaiti inaweza kukihadaa. Kinga iliyo imara zaidi ni namba ya cheti. Mawe mengi yaliyopimwa huchongwa namba hiyo kwa leza kwenye ukingo, na huonekana kwa lenzi inayokuza mara 10. Namba iliyo kwenye jiwe ilingane na ya karatasi, na ya karatasi itafutwe kwenye tovuti ya maabara iliyoitoa. Stakabadhi nayo itamke wazi iwapo ni almasi ya asili au ya maabara, uzito wake, na siku ambazo mnunuzi anaruhusiwa kulirudisha jiwe baada ya kulionyesha kwa sonara mwingine.

Juu ya kiasi cha kutumia, ile kauli kwamba mwanamume hana budi kutoa mshahara wa miezi miwili ilisambazwa na matangazo ya kampuni ya almasi ya De Beers katika karne ya 20. Katika mila za pwani, posa ilipokelewa na wazee na mahari yakatajwa bila jiwe lolote kuwekwa mezani. Pete ni mgeni aliyekaribishwa, na mgeni hapangi bajeti ya nyumba.

Yanabaki mambo ya kidole. Tone lina kichwa kizito upande mmoja na huelekea kuzunguka pete ikiwa imelegea, hivyo kidole kipimwe jioni, wakati joto la mchana limekwisha kukituna, wala si asubuhi penye baridi. Wengi huivaa ncha ikielekea ukuchani ili kidole kirefuke. Wengine huigeuza ielekee kifundo cha mkono, na sonara anapaswa kuambiwa mapema kwa kuwa vikucha hupangwa kulingana na hilo. Na kwa vile pete ya ndoa itakuja kukaa kando yake, aulizwe tangu sasa kama kichwa cha jiwe kimeinuliwa kiasi cha kuipisha. Vikucha vikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, kuanzia kile cha nchani.